Carl Nielsen, Mtunzi wa Nyimbo wa Denmark (1865–1931)



Katika Nyanda zetu za Juu Kusini jina la Denmark si geni. Katika miaka ya 1970 nchi ile, pamoja na jirani zake Uswidi, Norwe na Ufini, ilisaidia kukijenga Kituo cha Kilimo cha Uyole, Mbeya. Katika miaka ya 1980 watu wa Denmark walisaidia kazi ya maji ya bomba katika vijiji vya mikoa ya Iringa, Mbeya na Ruvuma, na wako mama wengi waliotua ndoo kwa sababu ya kazi ile. Leo tunataka kuwasimulia habari za mtu mmoja wa Denmark ambaye hakufika huku kamwe, wala hakuchimba mtaro wa bomba. Alikuwa mtunzi wa muziki. Jina lake Carl Nielsen. Watu wa kwao wanamheshimu hata kwa miaka kadhaa sura yake ilichapwa kwenye noti yao ya kroner 100.

Kwa nini tumsimulie katika gazeti la mtaa? Kwa sababu mwaka 1922 mtu huyu, akiwa katika kilele cha elimu yake, alitunga muziki wa wapigaji watano wa ala za kupuliza, muziki unaopigwa hata sasa na walimu wa vyuo vikuu. Na mwisho wa muziki huo mgumu aliweka wimbo wa kanisa, sauti nyepesi ambayo hata bibi kizee asiyejua kusoma noti angeweza kuiimba akipalilia shamba. Jinsi alivyofika hapo ndiyo habari yetu.

UTOTO WAKE

Carl alizaliwa tarehe 9 Juni 1865 mahali panapoitwa Sortelung, karibu na kijiji cha Nørre Lyndelse, kusini ya mji wa Odense katika kisiwa cha Fyn. Alikuwa mtoto wa 7 katika watoto 12. Baba yake aliitwa Niels Jørgensen, na ndiyo maana mwana akaitwa Nielsen, yaani mwana wa Niels. Kazi ya baba ilikuwa kupaka rangi nyumba za watu, na majirani walimwita Niels Mpaka Rangi. Lakini siku za arusi na sikukuu alitundika brashi ukutani, akachukua fidla yake na tarumbeta yake ndogo iitwayo korneti, akaenda kuwapigia watu wacheze. Mama yake, Ane Kirstine, hakuwa na ala yoyote ila koo lake, naye aliwaimbia watoto wake nyimbo za kienyeji.

Nyumba ilikuwa ya kimaskini. Watoto walichunga bata bukini kama watoto wetu wanavyochunga mbuzi. Mtoto Carl aligundua mapema kwamba magogo ya kuni yaliyopangwa nje ya nyumba hayalii sawasawa. Gogo nene lina sauti yake, jembamba lina yake. Basi akawa anayagonga moja baada ya jingine mpaka akapata wimbo. Lundo lile la kuni lilikuwa chombo chake cha kwanza. Alipokuwa na umri wa miaka sita akaugua surua, na alipokuwa kitandani mama yake alimpa fidla ndogo ya kujifunzia, akaanza kutafuta juu ya nyuzi zile nyimbo ambazo mama alikuwa akiziimba.

Baada ya muda alianza kwenda na baba yake kwenye sherehe. Siku moja mtoto alitunga ngoma yake mwenyewe ya kuchezwa, akaifurahia sana. Baba alimkosoa. Alimwonya kwamba mapigo aliyoyavunjavunja vile hayachezeki, na watu wamekuja arusini kucheza. Somo lile hakulisahau mpaka uzee wake. Alijua tangu utoto kwamba muziki una watu wake wanaoungojea, na watu hao wana miguu, wana mapafu, tena wana siku ya kupumzika ambayo haifai kuharibiwa.

TARUMBETA YA JESHI

Alipofika miaka 14 alipelekwa kujifunza kazi dukani, kwa kuwa hapakuwa na fedha za kumsomesha. Haikuchukua muda mwenye duka akafilisika, kijana akarudi nyumbani mikono mitupu. Ndipo baba aliposikia kwamba kikosi cha jeshi katika mji wa Odense kinatafuta mpiga tarumbeta. Carl alijua fidla, lakini tarumbeta hakuijua sawasawa. Akajifungia na korneti ya baba yake, akajifundisha kwa muda mfupi, akaenda kushindana na watu wazima. Akachaguliwa. Mwezi wa Novemba 1879 akaingia katika Kikosi cha 16 akiwa mpuliza ala. Iko picha yake ya siku zile: mvulana mfupi amevaa sare ya askari, na ala zake zi pamoja naye.

Angeweza kuishia pale. Alipata mshahara, chakula na nguo, na kwa mtoto wa mpaka rangi haya hayakuwa madogo. Lakini jioni, wenzake walipokwenda kutembea, yeye alitafuta watu wa kumfundisha. Tangu mwaka 1881 alijifunza fidla kwa mtunza kanisa kuu la Odense. Tufikirini jambo hilo, ndugu. Mtu mwenye kazi ya kuliangalia jengo la kanisa ndiye aliyemnoa mtunzi mkubwa kuliko wote wa taifa lile. Hatujui ni mtoto gani anayesimama karibu nasi tunapofagia kanisa au tunapopanga vitabu vya nyimbo.

MASOMO NA NDOA

Mwaka 1883 alisafiri mpaka Copenhagen, mji mkuu, kumwona Niels Gade, mwanamuziki mkuu wa nchi siku zile na mkuu wa Chuo cha Muziki. Mwaka uliofuata akapokelewa chuoni. Watu wema walimsaidia kwa fedha na malazi, akasoma hata mwisho wa mwaka 1886. Mwaka 1889 akapata nafasi katika okestra ya Mfalme, akiwa miongoni mwa wapiga fidla ya pili, nafasi ya watu wasiosikika sana. Alidumu katika kazi ile miaka 16.

Mwaka 1890 alipewa fedha za kusafiri Ulaya ili ajifunze. Mwezi wa Machi 1891, akiwa Paris, alikutana na msichana wa Denmark, Anne Marie Brodersen, mchonga sanamu, naye ni mtoto wa wakulima. Walipendana mara moja. Hawakungoja kurudi nyumbani, bali walikwenda pamoja Italia, na tarehe 10 Mei 1891 walifunga ndoa katika mji wa Florence. Nasi Waanglikana tutapenda kujua kwamba kanisa walilofungia ndoa lilikuwa letu, yaani Kanisa la Mtakatifu Marko, la Waingereza waliokaa katika mji ule. Mungu aliwajalia mabinti wawili na mwana mmoja. Mwana huyo aliugua homa ya uti wa mgongo akabaki na ulemavu maisha yake yote.

Tarehe 14 Machi 1894 simfoni yake ya kwanza ilipigwa mjini Copenhagen. Simfoni ni muziki mrefu wa okestra nzima. Watu waliposhangilia na kumtafuta mtunzi kwa macho, kumbe alikuwa palepale katika kiti chake cha kila siku kati ya wapiga fidla ya pili. Akainuka, akainama, akaketi tena. Mwaka 1901 serikali ilianza kumpa kroner 800 kila mwaka ili apate nafasi ya kutunga. Mwaka 1902 opera yake iliyotoka katika Biblia, habari za Sauli na Daudi, ilionyeshwa. Tangu mwaka 1908 hadi 1914 alikuwa kiongozi wa okestra katika jumba la michezo la Mfalme. Tangu mwaka 1916 alifundisha katika Chuo cha Muziki alichosomea yeye mwenyewe.

Hata hivyo hatusimulii maisha ya mtakatifu. Mke wake alikuwa msanii mwenye kazi zake, na mara nyingi alikuwa mbali na nyumbani. Carl hakuwa mwaminifu katika ndoa, na ukweli ulipojulikana, nyumba yao ilipasuka. Miaka ile ya Vita Kuu ya Kwanza na baada yake waliishi katika kutengana na uchungu mwingi. Mwaka 1922 walikuwa wamerudiana. Tunataja jambo hili kwa sababu nyimbo za kanisa tutakazozisimulia alizitunga katika miaka hiyohiyo, na si katika siku ambazo kila kitu kilikuwa shwari. Wengi wetu tunajua kwamba mtu anaweza kuimba zaburi huku nyumba yake inavuja.

NYIMBO ZA WATU WOTE

Mtunzi anapopanda cheo, mara nyingi huacha nyimbo ndogo akaona ni kazi ya watoto. Nielsen alifanya kinyume. Mwaka 1907 alitunga sauti ya shairi la Jeppe Aakjær juu ya mzee anayeitwa Jens, mvunja mawe wa barabarani. Habari yake ni kwamba maskini yule alivunja kokoto maisha yake yote, na alipokufa kaburi lake halikupata jiwe, likapata kibao kibovu tu. Anayewaona ndugu zetu wanaoponda kokoto kando ya barabara kuu atalielewa shairi hilo bila mkalimani. Sauti aliyoitunga Nielsen ilienea nchi nzima, ikaimbwa na watu ambao hawajasikia simfoni hata moja.

Baadaye alishirikiana na Thomas Laub, mpiga kinanda wa kanisa, aliyetaka uimbaji wa makanisa na wa watu wote urudi katika unyofu. Mwaka 1915 na mwaka 1917 walitoa pamoja vitabu vya nyimbo ambazo mtu wa kawaida angeweza kuzishika. Katika miaka hiyo Nielsen alitunga pia sauti za nyimbo za kanisa karibu 50, zikachapwa kitabu kimoja mwaka 1919. Mwaka 1922 yeye, Laub na wenzao wawili walitoa kitabu cha sauti za nyimbo kwa ajili ya shule za wananchi.

Shule hizo zinatuhusu. Mawazo yake yalitoka kwa padre mmoja wa Denmark, Grundtvig, mtunzi wa nyimbo nyingi za kanisa, ambaye aliona kwamba mkulima mtu mzima naye anastahili elimu, tena elimu isiyo na mtihani. Shule ya kwanza ya namna ile ilifunguliwa mwaka 1844. Mtindo huo ulienea katika nchi za jirani, na tangu mwaka 1975 Tanzania, ikisaidiwa na Uswidi, ikaanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Wasomaji wetu wa Iringa wanakijua cha Ilula, na wa Mbeya wanakijua cha Nzovwe. Katika shule za Denmark siku huanza kwa kuimba pamoja, mwalimu na wanafunzi, na nyimbo za Nielsen ni miongoni mwa zile zinazoimbwa.

Kutunga wimbo wa namna hiyo si kazi rahisi. Sauti isipande mno hata wazee wakashindwa, isishuke mno hata watoto wakanyamaza. Isifanane na wimbo mwingine, lakini mtu akiisikia mara ya kwanza adhani aliijua tangu zamani. Kila mwalimu wa kwaya aliyejaribu anaujua ugumu wake.

PUMZI TANO

Sasa tufike kwenye muziki wenyewe. Tangu zamani Ulaya kuna muziki wa watu wachache unaopigwa chumbani, usiohitaji ukumbi mkubwa wala kiongozi wa kusimama mbele na fimbo. Aina moja ya muziki huo ni ya wapuliza ala watano. Aliyeipa nguvu hasa ni Anton Reicha, ambaye baadaye alifundisha katika Chuo cha Muziki cha Paris. Yeye alitunga vipande 24 vya namna hiyo mapema katika karne ya 19.

Ala zenyewe ni hizi. Ya kwanza ni filimbi kubwa, ambayo mpigaji huishika kwa kuilaza kando ya mdomo. Ya pili ni oboe, ndugu yake zumari ya pwani, yenye ndimi mbili za tete. Ya tatu ni klarineti, yenye ulimi mmoja. Ya nne ni honi, ambayo si honi ya gari, bali ni tarumbeta ya shaba iliyoviringishwa kama nyoka aliyelala. Ya tano ni basuni, bomba refu la mti lenye sauti nene, kama mzee anayezungumza taratibu. Fidla kubwa na fidla ndogo ni watu wa ukoo mmoja, sauti zao huchanganyika bila shida. Lakini hizi tano kila moja ina tabia yake. Moja inanong'ona, moja inalia puani, moja inacheka, moja inaita kama mtu aliye ng'ambo ya bonde, moja inanguruma. Kuzipatanisha ni kazi ya subira. Tena kila mpigaji ni lazima avute pumzi, na wenzake ni lazima wamwachie nafasi ya kuvuta.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1921 Nielsen alimpigia simu rafiki yake mpiga piano, na nyuma ya sauti ya rafiki akasikia watu wakifanya mazoezi ya muziki wa Mozart. Walikuwa kikundi cha wapulizaji cha Copenhagen. Akauliza kama anaweza kwenda kuwasikiliza, akaenda. Walikuwa Paul Hagemann wa filimbi, Svend Christian Felumb wa oboe, Aage Oxenvad wa klarineti, Hans Sørensen wa honi, na Knud Lassen wa basuni. Akawapenda. Mwezi wa Januari 1922 simfoni yake ya tano, muziki wenye vita ndani yake, ilipigwa kwa mara ya kwanza. Mara tu baada ya vita ile ya sauti akageukia marafiki watano hawa, na mwezi wa Aprili akiwa Göteborg, Uswidi, akawaandikia muziki wao. Ulipigwa kwanza nyumbani kwa rafiki mwezi uleule, na mbele ya watu wote mjini Copenhagen tarehe 9 Oktoba 1922.

Hakuandikia ala peke yake, bali aliwaandikia watu. Alizitazama tabia zao, nani mpole, nani mwepesi wa hasira, akampa kila mmoja maneno yanayomfaa. Muziki una sehemu tatu. Ya kwanza inafunguliwa na basuni peke yake, yule mzee, na wengine wanamjibu. Ya pili ni ya ngoma ya kizamani yenye mapigo matatu. Ya tatu inaanza kwa utangulizi mzito wenye huzuni, na mpiga oboe anaiweka chini ala yake na kuchukua nyingine kubwa zaidi yenye sauti ya majonzi. Huzuni ile inakwenda, inakwenda, hata msikilizaji anaanza kuogopa. Kisha ghafula wote watano wanatulia na kupiga wimbo wa kanisa.

Wimbo ule ni wake mwenyewe, katika zile sauti za kanisa zilizochapwa mwaka 1919. Maneno yake ni sala kwa Yesu, iliyoandikwa na Hans Adolf Brorson, askofu wa Ribe katika karne ya 18. Katika muziki wa watano hakuna maneno, ila sauti tu, inayopigwa kwa unyofu kama kwaya ya kijijini. Ndipo wimbo unapogeuzwa mara 11. Mara moja unakimbia, mara nyingine unaomboleza. Mahali pengine klarineti na basuni wanagombana kama wazee wawili wa kanisa katika kikao. Mahali pengine basuni anaachwa peke yake ajieleze. Mahali pengine honi inaita peke yake, wenzake wote wamenyamaza wanamsikiliza. Mwishoni wote wanaurudia wimbo ule. Lakini sasa mapigo yake si matatu tena, ni manne. Ulianza kama mtu anayeomba chumbani kwake, unaishia kama watu wanaotembea katika maandamano ya sikukuu.

Vyuo vikuu vingi vya Ulaya na Marekani vina kikundi cha walimu watano wa namna hii. Jioni moja madarasa yamefungwa, taa zimewashwa katika ukumbi mdogo, na walimu wanaketi nusu duara mbele ya wanafunzi wao. Si jambo dogo. Mwalimu aliyekuwa akisahihisha makosa ya kijana mwezi mzima, sasa ndiye anayepumua mbele ya kijana huyo, na kosa lake likitokea litasikika na wote. Hakuna ngoma ya kulifunika. Mwanafunzi anajifunza pale jambo ambalo halimo darasani, kwamba mwalimu wake naye anamngojea mwenzake amalize pumzi, naye anatii wimbo. Na wakipiga muziki wa Nielsen, watu wale wenye elimu nyingi hivyo wanajikuta mwishoni wanapiga wimbo wa kanisa.

MWISHO WAKE

Nielsen aliahidi kumtungia kila mmoja wa wale watano muziki mkubwa wa peke yake na okestra. Hakumaliza. Alipata kutunga wa filimbi mwaka 1926 na wa klarineti mwaka 1928. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, na madaktari walimwonya apunguze kazi. Mwaka 1927 alitoa kitabu cha kumbukumbu za utoto wake kisiwani Fyn, chenye habari za kuni, bata bukini na fidla ya mama. Mwaka 1931 alipewa ukuu wa Chuo cha Muziki, chuo alichokiingia miaka 47 nyuma kama askari maskini mwenye fidla. Hakukaa katika kiti kile hata mwaka mmoja. Tarehe 3 Oktoba 1931 alifariki hospitalini Copenhagen, jamaa zake wakiwa karibu naye. Alikuwa na miaka 66.

Mke wake Anne Marie ndiye aliyechonga ukumbusho wake. Ulisimamishwa mjini Copenhagen mwaka 1939. Hakumchonga mzee mwenye medali, bali kijana aliyepanda farasi, anapuliza filimbi ya matete, filimbi ya mchungaji. Mwaka uliofuata majeshi ya Ujerumani yaliivamia Denmark. Watu walikusanyika kwa maelfu katika viwanja na bustani ili kuimba pamoja, kwa kuwa hilo adui hakulikataza. Na katika nyimbo walizoimba zilikuwamo za mtoto wa Niels Mpaka Rangi. Siku ile zile nyimbo ndogo zilibeba mzigo wa taifa.

SISI JE?

Ndugu, katika mitaa yetu ya Mbeya na Iringa tuna neema ya kuimba. Kila mtaa una kwaya, na mingine ina kwaya tatu zisizosalimiana. Vijana wetu wanajifunza kinanda cha umeme, na ni vema. Lakini yuko wapi mzee anayepiga ligombo la Wahehe? Yuko wapi mchungaji wa ng'ombe anayejua kutoboa tete likawa filimbi? Mara nyingi yumo kanisani kwetu, kiti cha nyuma kabisa, na hakuna aliyemwuliza. Akifa, hatutazikwa naye, lakini sauti zake zitazikwa.

Wako wanaodhani kwamba aliyesoma hana haja tena na nyimbo za bibi yake. Wako pia wanaodhani kwamba elimu ya muziki ni majivuno, na kanisani inatosha kupiga kelele kwa moyo. Maisha ya Carl Nielsen yanawajibu wote wawili. Alisoma mpaka mwisho wa kusoma, na elimu yake ilimrudisha kwenye wimbo wa kawaida, akautumikia kwa nguvu zake zote. Zaburi ya mwisho inaita ala za nyuzi na za kupuliza zote pamoja, wala haichagui ya mjini wala ya shamba. Naye Mtakatifu Paulo, alipowaandikia Wakorintho juu ya viungo vya mwili, alikuwa na kanisa lenye ugomvi kama wetu.

Basi tunaliweka jambo hili mbele ya walimu wa kwaya na wazee wa mitaa. Kabla ya sikukuu ijayo, mwalimu mmoja aende nyumbani kwa mzee mmoja, akae naye, ajifunze wimbo mmoja, auandike katika daftari. Asiuchukue tu, bali amwalike mzee mwenyewe aje asimame na kwaya. Na kwaya zisizosalimiana zijaribu wimbo mmoja pamoja, kila moja ikimwachia mwenzake nafasi ya kuvuta pumzi. Pumzi yenyewe tulipewa sote na Mmoja, siku ile alipompulizia mtu wa kwanza puani.